Gharib Yuwamumunya

Mimi si mtu wa kuombwa sentensi. Nimepika arusi za watu, nimezika wazee wangu, nimelea watoto wanne na kuwaoza, na hakuna hata mara moja mtu aliyeniambia, "Bi Mwanakhamis, hebu tupe sentensi." Lakini mjukuu wangu Najla, ambaye ni mwalimu, alikuja hapa Kibokoni Jumamosi moja na daftari jipya na kalamu ya risasi, akaniwekea mapajani kama anayenipa mtoto nimshikie.

"Bibi, watoto wangu wa gredi ya sita hawalijui neno kumumunya. Niandikie sentensi kumi. Za kila siku, si za kitabuni."

"Neno si dengu, Najla, nikupimie kibaba. Waambie ni kutia kitu kinywani usikitafune wala usikimeze, ukizungushe kwa ulimi mpaka kiyeyuke chenyewe. Basi, nenda."

"Hiyo ni maana, Bibi. Nataka sentensi. Tunatengeneza kijitabu cha maneno ya kwetu, na jina lako litapigwa chapa."

Ana hila, mtoto huyu. Anajua nyanya yake anapendapo kukunwa.

Lakini nimwambie mtu mapema. Chuoni, kwa Kurani, nilisoma herufi za Kiarabu tu. Hizi nyingine nilifunzwa na mume wangu juu ya maboksi ya chai, nikaweza kusoma majina ya mashamba ya Kericho na Limuru kabla sijaweza kuandika jina langu. Kwa hivyo ukiona herufi imelala ubavu, iwate ilale. Sentensi kumi sina. Nina mume. Neno hilo limekaa kwake miaka hamsini na mbili, na likakaribia kumuua, kisha likamponya. Ukitaka kulijua, mjue yeye.

Mume wangu anaitwa Gharib. Ni mtoto wa hapa hapa Kibokoni, nyumba ya tatu kutoka kwetu ukienda msikitini. Babake alikufa mapema, akalelewa na kaka yake Taib, aliyekuwa mchukuzi kwenye maghala ya Shimanzi. Taib ndiye aliyemtafutia kazi huko, kwenye ghala la chai, akaanza kwa kuosha vikombe. Si vikombe vya kunywea. Vya kuonjea.

Nilikuwa sielewi mpaka aliponieleza. Kuna meza ndefu kama ndia ya hapa mtaani, na juu yake vikombe vimepangwa safu, kila kimoja na chai ya shamba lake. Muonjaji anapita na kijiko. Anachota, anavuta kwa kishindo, fyuuu! hata mtu aliye nje anasikia, anaizungusha kinywani kidogo, anageuza uso kushoto, anaitema kwenye ndoo. Anasema neno moja, karani anaandika, anakwenda kikombe cha pili. Ndoo ile ina magurudumu na ina mtu wake wa kuisukuma, na ndoo ya Gharib ilisukumwa na kijana mmoja mrefu kwa jina Oloo, aliyetoka Kisumu kutafuta kazi bandarini. Ikawa hivyo miaka thelathini na minane, mpaka wote wawili wakastaafu. Gharib aliinuliwa kutoka kuosha vikombe mpaka kuonja kwa sababu siku moja aliwaambia, hali anaosha na kunusa mabaki, kwamba kikombe cha nne na cha tisa ni chai ya shamba moja. Wakatazama. Ilikuwa kweli.

Vikombe mia tatu asubuhi moja! Na hamezi hata tone.

"Sasa waonja nini usichokimeza?" nilimuuliza siku za mwanzo.

"Asubuhi kinywa ni cha tajiri," akanijibu. "Jioni ni changu."

Lakini nimeruka. Nirudi kwenye posa.

Siku walipokuja kuniposa alikuwa na mwaka mmoja tu wa kuonja. Alikuja na kaka yake Taib na mjomba wao. Mimi na dada zangu tulikuwa juu, tumelala kifudifudi sakafuni tukichungulia kwenye upenyo wa mbao. Babangu, mzee Abdulhadi, alikuwa mtu wa heshima nyingi na kahawa kali. Akawamiminia. Mjomba akanywa. Taib akanywa. Gharib akashika kikombe, na mimi nikamtazama shingo, maana ndiyo iliyokuwa ikionekana kutoka juu.

Fyuuu!

Kisha akageuza uso kushoto, akaitema kwenye chetezo cha udi.

Udi ukalia tssss, moshi ukafa. Dada yangu akanifinya mpaka leo ninayo alama. Taib alijishika kitwa kwa mikono miwili.

Babangu akauliza polepole, "Kahawa yangu ina nini, kijana?"

Na Gharib, masikini, badala ya kuomba radhi, akajibu lile aliloulizwa. "Ni nzuri, mzee. Ila tangawizi ni ya zamani, na imetiwa mara mbili."

Sasa, tangawizi ile ilikuwa ya zamani kweli, na mamangu aliitia mara mbili kwa sababu alisahau kwamba ameshaitia. Babangu alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akamimina kikombe cha pili, akamkabidhi mwenyewe kwa mkono wake.

"Sikiliza, mwanangu. Hapa si Shimanzi. Chochote utakachopewa katika nyumba yangu, na chochote atakachokupikia binti yangu, usiteme. Mumunya. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Ndivyo nilivyoolewa. Na ndivyo nilivyoanza kuadhibiwa, maana mtu yule aliishika ile ahadi kama amekula kiapo.

Mimi mla upesi. Sikatai. Nilizaliwa wa saba, na mtoto wa saba akizubaa sahani huoshwa. Nikikaa chini, mara nimeinuka. Gharib yeye alikuwa akikata kipande cha halwa kama ukucha, akikiweka juu ya ulimi, akifumba mato. Kuanzia Alasiri mpaka adhana ya Magharibi kipande kile hakijaisha. Wageni wakija wakiuliza, "Mzee yuko wapi?" watoto wakijibu, "Yuwamumunya," na wageni wakaketi kungoja, kama vile wameambiwa yuko msalani.

Hata maneno aliyamumunya. Taib alipopatwa na maradhi ya koo, miaka ishirini iliyopita, Gharib aliizungusha ile habari kinywani siku tatu nzima kabla ya kutwambia. Nilikasirika. Nikamwambia habari mbaya ni kama dawa tungu, yamezwa kwa mkupuo. Akasema, "Ukiimeza upesi yakupalia." Taib naye aliondoka mwezi wa sita tangu aliposema mkate haushuki. Allah amrehemu.

Mjue hilo, maana nitalirudia.

Mwaka jana, mwezi wa Rajab, Gharib alianza kuchelewa zaidi. Mimi naondoa sahani yangu, yeye bado tonge la pili. Nikampigia kelele, kama kawaida.

"Babake Suhaila, wali umeshakuwa baridi!"

"Niwate. Namumunya."

Basi. Angesema jambo lingine lolote ningeshtuka. Lakini neno lile nililisikia kila siku ya Mungu, kama mtu asikiaye saa ya ukutani. Akawata nyama, akasema meno. Akawata sima, akasema imekuwa nzito siku hizi. Mbaazi akawa anywa mchuzi wake wa nazi tu, mbaazi zabaki chini zanitazama. Ramadhani ilipoingia akawa afuturu kwa tende moja, na tende ile yakaa shavuni mpaka watu warudi kutoka tarawehe, na mimi nikijisifu kwa majirani kwamba mume wangu amezidi ucha Mungu. Msuli wake wa kiunoni aliokuwa akiufunga fundo moja akawa auzungusha mara mbili. Suhaila, binti yetu, alisema, "Mama, baba amekonda." Nikamwambia wazee hupungua kama sabuni, asiniletee uchuro.

Ukweli niliokuwa nao moyoni, nitauandika ingawa ni aibu. Nilidhani yuwanidharau. Nilidhani amechoka na mkono wangu. Mtu aliyeonja chai ya nti nzima, tangu Kericho mpaka Limuru, nikasema, sasa ameuonja wali wangu akauona haufai, ila ana adabu tu. Na mimi mtu wa kiburi. Idi ilipopita nikamnunia. Siku tisa! Nampikia, namwekea sahani mbele, natoka chumbani. Sahani narudi naikuta tupu, nami nasema moyoni, aha, nisipokuwepo yuala.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua siku zile, nalo ni sisimizi. Hapo dirishani anapokaa Gharib pana kopo langu la mrehani, ninaloliweka ili chumba kinukie. Sisimizi wakaja, safu nene kama kamba, wanapanda ukuta, wanaingia kopo. Nikamwaga mafuta ya taa ukutani. Wakapita upande wa pili. Nikawatukana. Sikujiuliza sisimizi wanatafuta nini kwenye mrehani.

Siku ya kumi, Ijumaa baada ya sala, nikasikia hodi. Ni Oloo. Huja kila baada ya Idi, hajakosa mwaka, na mfuko wa machungwa.

"Masalkheri, shemeji! Yule mtema chai yuko?"

"Alkheri. Yuko huko dirishani, mkewe sasa ni sahani. Nenda ukamsalimu, mimi simsemeshi."

"Leo amekosa nini?"

"Muulize mwenyewe."

Nikawapelekea chai ya maziwa na mkate wa sinia, nikarudi jikoni. Nikawasikia wakicheka mambo ya kale, karani fulani aliyeanguka na ndoo. Kisha kicheko kikakatika. Baada ya kitambo Oloo akaja jikoni, mtu mrefu vile, akainama mlangoni, uso umebadilika.

"Shemeji, mzee anaumwa na nini?"

"Haumwi. Yuwamumunya."

"Shemeji." Akashusha sauti. "Mimi nimemsukumia yule mtu ndoo miaka thelathini na minane. Akiwa karibu kutema namjua kwa bega. Sasa hivi ametia mkate kinywani, amehangaika nao, akadhani natazama nje. Akageuza uso kushoto, akatema kwenye kopo la maua. Na huo mkate ni wa nyumbani kwake! Tangu lini mzee Gharib akatema cha nyumbani kwake?"

Nikachukua kijiko cha kupakulia, nikaenda mpaka dirishani, nikalichimba lile kopo mbele yao wote wawili. Udongo ukatoka na mkate. Nikachimba tena. Nyuzi za nyama. Tende imefinyangwa. Wali. Ramadhani nzima ilikuwa mle, na sisimizi juu yake.

Nikamwekea kijiko kile mbele yake juu ya meza.

"Haya, muonjaji. Onja. Nambie hii ya shamba gani."

Alitazama kijiko. "Ya kwako," akasema.

"Nambie."

"Haishuki, Mwanakhamis. Tangu Rajab. Yafika hapa, yasimama." Akajigusa chini ya shingo, pale pale alipokuwa akijigusa Taib.

"Na ulinyamaza?"

"Ningekwambia nini? Wewe uambiwe wali wako haushuki?"

Oloo aligeuka akatazama ukuta, mabega yakimtikisika, sijui kwa kicheko au kwa kilio. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu. Rajab, Shaaban, Ramadhani, sasa Mfungo Mosi. Taib alipewa miezi sita. Na siku tisa katika hizo mimi nilimwekea sahani nikatoka, nikamwachia nafasi ya kujificha. Mtu aliyekatazwa na babangu kutema katika nyumba yetu alikuwa akitema kwa siri, kama mwizi, kwa sababu ya kiburi changu na hofu yake.

"Vaa kanzu," nikamwambia.

"Leo Ijumaa. Tutakwenda Jumatatu."

"Gharib, vaa kanzu au nikubebe na msuli."

Oloo akaita tuktuk.

Hospitali sitaitaja, isije ikataka sentensi nayo. Daktari alikuwa mwanamke, kijana kuliko Suhaila, jina lake daktari Zilpah. Nilipomwona nilimuuliza daktari mwenyewe yuko wapi. Akatabasamu akasema ndiye. Nikasema haya, tutaona. Alimhoji, akampapasa shingo, akasema Jumatatu ataingiza mpira mwembamba wenye taa kupitia kooni atazame ndani.

Akaniuliza mimi, "Mama, amekuwa akila namna hii polepole tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa. Yeye hamezi, yeye yuwamumunya."

"Anafanya nini?"

Hata yeye hakulijua! Nikamweleza: ukipewa kipande cha barafu siku ya joto, ukikitafuna utaumia meno na kitakwisha upesi, lakini ukikimumunya kitakupoza mpaka ufike nyumbani. Akaandika. Kisha akasema jambo lililonikata maini.

"Basi hilo ndilo limemweka hai. Njia imebana sana. Angekuwa mtu wa kula haraka haraka, angeshapaliwa zamani."

Gharib alinitazama kwa pembeni.

Jumatatu akatia mpira wake, akaona pamebana, akakata kinyama kidogo kama kichwa cha kiberiti kikapimwe. Majibu siku nane. Akasema mpaka wakati huo ale vya majimaji, kidogo kidogo.

Siku nane! Mimi nisiyeweza kungoja chungu kichemke. Nilipika uji wa mchele na tui, mchuzi wa kuku uliochujwa, na ndizi mbivu nikaziponda kama za mtoto. Na nikaketi. Kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa niliketi mbele ya mume wangu mpaka akamaliza. Nilimtazama kooni. Kile kifundo kikipanda na kushuka, nami moyo wapanda na kushuka nacho. Kikisimama, nasimama.

Siku ya tatu akaniambia, "Waniangalia kama paka aangaliaye samaki. Kula na wewe."

"Nshakula."

"Hukula. Ulimeza. Chukua kijiko hiki. Kitie kinywani, usikimeze mpaka nikwambie."

Nikatia. Ulikuwa mchuzi wangu wa kuku, ninaoupika tangu nikiwa mwari, ambao watu wa Kibokoni wote wanausifu. Nikauzungusha kinywani. Nikangoja. Mara nikaona jambo.

"Gharib. Mchuzi huu una ndimu nyingi."

"Naam."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipooana."

"Na hukuniambia? Miaka hamsini na mbili?"

"Babako alinambia nimumunye," akasema. "Hakunambia niseme."

Nilimpiga na kitambaa cha mkono. Tulicheka mpaka nikaogopa atapaliwa, nikamwambia anyamaze, akazidi. Kisha tukakumbuka kwamba majibu yalikuwa bado.

Usiku sikulala vizuri, lakini hayo si ya kuandikiwa watoto wa gredi ya sita. Nitasema tu nilimwambia Mungu kwamba akinirudishia mtu wangu nitakula polepole. Ni ahadi kubwa kwa mtu kama mimi.

Siku ya nane tulikwenda sote, na Oloo. Gharib alivaa kanzu ya Idi. Nilimuuliza kwa nini, akasema mtu akienda kuambiwa jambo aende amevaa vizuri. Tuliitwa ndani. Daktari Zilpah alikuwa na karatasi mkononi, na mimi nikaitazama ile karatasi, nikasoma herufi moja moja, lakini yalikuwa maneno ya watu wengine, hayakuwa na Kericho wala Limuru.

"Mama, mzee," akasema, "si kile mlichokiogopa. Si saratani."

Nikamtazama midomo.

"Ni kovu. Tindikali ya tumbo imekuwa ikipanda miaka mingi, ikachoma, pakapona, pakabana. Tutapapanua kidogo kidogo, mara tatu hivi, na atakunywa dawa. Atakula."

"Sema tena," nikamwambia.

"Atakula, mama."

"La. Lile la kwanza."

"Si saratani."

"Tena. Na huyu asikie."

"Mimi nimesikia," akasema Gharib. "Twende zetu, watu wangoja nje."

"Nyamaza," nikamwambia. "Niwate. Namumunya."

Na wallahi niliyamumunya. Niliketi kwenye kiti kile cha hospitali nikayazungusha maneno yale mpaka yakayeyuka yote, mpaka yakashuka tumboni yakawa moto, na machozi yakanitoka bila ya kelele. Daktari akaiweka karatasi chini akaningoja. Gharib akanishika ncha ya buibui, kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni. Nje mlangoni nilimsikia Oloo akimuuliza mtu wa zamu, "Kuna nini huko ndani? Mbona kimya?" Nikamwita aingie, nikamwambia. Akafunika uso kwa kofia yake. Kisha akasema, "Shemeji, basi lile kopo la maua lirudishiwe mrehani," nasi tukacheka wote, na daktari pia, ingawa hakujua habari ya kopo.

Walimpanua koo mara tatu. Baada ya mara ya tatu daktari akasema ajaribu kitu kigumu kidogo. Nikamuuliza Gharib anataka nini, nikidhani atasema pilau, au kuku wa kupaka. Akasema anataka hamri moja na mbaazi. Moja.

Nikaamka baada ya Alfajiri. Nikakanda, nikaumua, nikachoma kwa mafuta. Mbaazi nikazitia tui zito. Ndimu sikutia hata tone. Nikamwekea dirishani, nikaketi mbele yake.

Akamega. Akatia kinywani. Akafumba mato. Kwenye ndia pakapita muuza samaki akinadi, tuktuk ikapita, watoto wa chuo wakapita. Mimi sikutazama kitu ila shingo ile, ile niliyoitazama kutoka juu kwenye upenyo wa mbao siku ya posa. Ilikaa kimya. Nikaanza kusoma dua. Kisha kile kifundo kikapanda, kikashuka, na nikasikia: glu. Akafumbua mato.

"Imeshuka," akasema.

"Yote?"

"Yote. Iliki imezidi kidogo."

Sasa anasema, unaona. Nimempa ruhusa, na ninajuta kila siku.

Hamri ile moja ilichukua saa nzima na robo. Nami nilikuwa na yangu, na sitasema uongo, yangu ilikwisha mapema. Lakini haikwisha upesi kama zamani. Sisimizi walikuja dirishani siku chache, wakazunguka kopo la mrehani mpya, hawakupata kitu, wakaenda kwa jirani.

Basi, Najla, sentensi zako zimo humo ndani. Zikusanye wewe, ndiyo kazi uliyoajiriwa. Zikipungua kumi, mwambie babu yako akuongezee, lakini njoo na muda.

Na wewe usomaye, usidhani umesoma bure. Utalipa hivi. Leo, katika nyumba yako, kama pana mzee alaye polepole, usiondoe sahani yako ukamwacha. Keti mbele yake. Usimwamini akikwambia yuwamumunya. Mwangalie shingo mpaka uone kile kifundo kimepanda na kushuka. Kisha chimba makopo yako ya maua. Ukishafanya, uje Kibokoni uniambie umeona nini, nyumba yenye mrehani dirishani, piga hodi kwa sauti. Na kalamu hii ya risasi, Najla, sikurudishii. Imebaki nusu, na nimeanza kuizoea.